Mheshimiwa Hewala na Bendera ya Mkubwa

Mkono wa Mheshimiwa Hewala bado uko kwenye kitasa, pale pale tulipouacha wiki iliyopita. Wewe msomaji umekula, umelala, umekwenda kazini na kurudi, na yeye wiki nzima hajathubutu kuufungua mlango. Ndivyo alivyo.

Ndani ya chumba, mtu alikuwa akikohoa.

Kwa aliyeingia leo na kukuta tumeshaanza: huyu ni Naibu Waziri Mkuu wa nchi ya kisiwa. Jina alilopewa na wazazi wake halitumiki tena. Watu wanamwita Hewala, kwa sababu tangu aapishwe hajapata kumjibu Waziri Mkuu neno jingine. Akiambiwa akafungue choo cha shule, hewala. Akiambiwa asiende, choo kimeshapata mfunguaji mwenye hadhi zaidi, hewala vilevile. Waziri Mkuu mwenyewe anaitwa Mkubwa, na tangu asubuhi redio inatangaza kwamba Mkubwa yuko kitandani na mafua mabaya, haruhusiwi kuonwa na mtu yeyote.

Hewala asingekuja hapa kwa hiari yake. Amesukumwa na dada yake.

Dada ndiye mkuu wa bandari. Ameizuia meli ya abiria kwa sababu tumbo la meli hiyo linavuja, na leo asubuhi simu imetoka nyumbani kwa Mkubwa ikimwamuru aiachie iondoke alasiri hii hii, na abiria wake wote. Dada akampigia mdogo wake.

"Wewe ni naibu wake," alimwambia. "Nenda kamwambie neno moja tu, neno la mtu mzima. Ukishindwa, meli ikiondoka na mimi nitakuwa ndani yake. Siwezi kuwapandisha watu kwenye chombo ambacho mimi mwenyewe sikipandi."

Na Dada hajui kutania. Mama yao alipofariki yeye ndiye aliyembeba huyu Hewala mgongoni, akamwogesha, akamvalisha, akapigana na kila aliyemwonea shuleni. Na kazi ya kumpigania haikuwa ndogo, maana alikuwa anaonewa na shule nzima.

"Uhu! Uhu-uhu!" kikohozi kikasikika tena.

Hewala akafumba macho, akasukuma mlango.

Alipofumbua macho, aliona kitanda kipana kama jukwaa. Juu yake, ndani ya pajama za hariri za Mkubwa, mikono imepotelea ndani ya mikono ya nguo, alikuwa amekaa Katibu wa Mkubwa. Alikuwa anakata kucha za miguu. Alikata ukucha, akakohoa, akakata mwingine.

"Funga mlango," Katibu akasema. "Upepo unaingia."

"Mkubwa yuko wapi?"

"Mkubwa anaumwa. Hukumsikia akikohoa?"

"Aliyekohoa ni wewe!"

"Nakohoa kwa niaba yake. Wewe kazi yako si kufanya mambo kwa niaba yake? Basi tuheshimiane."

Hewala alipigwa na butwaa. Akainama akachungulia chini ya kitanda, kana kwamba Waziri Mkuu wa nchi angeweza kuwa huko. Katibu akamtazama kwa huruma ile ambayo mtu humwonea kuku aliyeingia sebuleni.

"Ameondoka," Katibu akasema.

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Ng'ambo. Anakwenda kupandikizwa nywele. Picha za uchaguzi zinapigwa hivi karibuni, na kichwa kinameta mpaka mpiga picha analalamika."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Kukuambia wewe!" Katibu akacheka mpaka kikohozi cha kweli kikamkaba. "Siri hii yote ni kwa sababu yako wewe. Sheria hujui?"

Sheria Hewala aliijua. Aliijua kama mwenye njaa anavyoijua harufu ya jiko la jirani. Mkubwa akivuka tu mpaka wa bahari ya nchi, naibu ndiye anayeshika serikali mpaka Mkubwa akanyage tena nchi. Ndiyo maana Mkubwa hasafiri. Mikutano ya nje huitumia pole na salamu. Hata akienda kuvua samaki kwa starehe, nyuma yake husimama ofisa wa wanamaji ambaye kazi yake ni kuangalia mpaka na kupiga kelele. Safari moja samaki mkubwa aliwavuta mpaka karibu na mpaka wenyewe, ofisa akaukata mshipi kwa kisu, na Mkubwa akampandisha cheo hapo hapo.

"Kwa hiyo," Hewala akasema, "kama Mkubwa ameondoka... mimi ndiye..."

"Usiimalizie hiyo sentensi."

"Mimi ndiye..."

"Mheshimiwa Naibu, nakuonya! Rudi ofisini kwako ukasome gazeti. Mkubwa akirudi atakuta nchi iko vilevile na wewe uko vilevile, na kila mtu atafurahi."

Sasa hapa, msomaji, ungedhani mtu mwenye dada bandarini, mtu aliyekwisha kuona kwamba simu ya amri ya meli ilipigwa na huyu mkata kucha wala si Mkubwa, angeuliza habari za meli. Mimi pia nilidhani hivyo. Mheshimiwa Hewala akauliza:

"Bendera iko wapi?"

Lazima nikueleze bendera hii, maana hawa watu wamezoea kuitawala nchi nzima kwa kitambaa kisichotosha kufutia meza. Ni bendera ndogo inayopepea mbele ya gari la Mkubwa. Askari wa kisiwa hiki wamefundishwa kutii gari lenye bendera. Mkubwa akisafiri, inatakiwa ichomolewe kwenye gari lake na kuchomekwa kwenye gari la naibu. Gari la Hewala lina kijiti chake, na dereva wake hukisugua kila asubuhi mpaka king'ae. Tangu siku gari liliponunuliwa, kijiti hicho hakijapata kushika kitu chochote, isipokuwa siku moja ndege alipotua.

Jicho la Katibu lilikwenda kwenye droo ya kando ya kitanda, likarudi haraka. Hewala akaliona.

Wakarukiana. Hebu waone: watu wazima, mmoja na suti ya serikali, mwingine na pajama za bosi wake, wanagombea droo kama watoto wanaogombea kipande cha muwa. Katibu alikuwa na nguvu zaidi, lakini suruali ya Mkubwa ilikuwa ndefu. Akaikanyaga, akaanguka kifudifudi, miguu juu.

Hewala akatoka na bendera mkononi.

"Utajuta!" Katibu alipiga kelele kutoka sakafuni. "Mjinga wewe, hujaniuliza hata ameondokaje!"

Hewala akaufunga mlango kwa ufunguo kwa nje. Katibu akaanza kuugonga na kupiga mayowe afunguliwe. Walinzi wawili wa ukumbini wakatazamana.

"Homa imempanda Mkubwa," mmoja akasema.

"Tumeambiwa tusiingie," akasema mwenzake, na wakaendelea kusimama wima.

Nje, dereva alikuwa anakisugua kijiti. Alipoiona bendera, kitambaa cha kusugulia kikamwanguka.

"Mheshimiwa, hiyo si ya..."

"Ichomeke."

"Mheshimiwa, mimi nina familia."

"Ichomeke, nimekuambia! Kiongozi wa serikali ni mimi."

Dereva akaichomeka huku akitazama huku na huku kama anayeiba taa ya gari. Kisha wakaingia.

"Bandarini, Mheshimiwa?"

"Bandarini," Hewala akasema, akajiweka sawa kwenye kiti. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, na kwa mara ya kwanza haukuwa unakwenda mbio kwa woga. "Bandarini. Lakini pitia mtaa wa shule."

"Mtaa wa shule ni upande wa pili kabisa."

"Wewe pita."

Walinzi wa geti walipoiona bendera waligonganisha visigino mpaka vumbi likaruka. Hewala akawapungia. Polisi wa njia panda akasimamisha magari yote. Hewala akampungia. Kwenye mtaa wa shule, mwalimu mkuu mstaafu, yule aliyewahi kusema mbele ya darasa zima kwamba mtoto huyu hatafika popote, alikuwa barazani kwake anakunywa chai. Gari likapita polepole, kioo kimeteremshwa. Mwalimu alikuwa anatazama kikombe.

"Geuza," Hewala akasema.

"Mheshimiwa, meli..."

"Geuza, hakuona!"

Wakageuza. Safari hii mwalimu aliinua macho, akaiona bendera, akamwona aliyekaa ndani ya gari, akarudi kutazama kikombe. Hewala akajiambia kwamba macho ya mzee yule yameharibika.

Simu ikalia. Alikuwa Dada.

"Uko wapi?"

"Nakuja, Dada. Nina habari kubwa. Hutaamini!"

"Habari yako nitaisikia baadaye. Watu wameshapanda. Kule chini nimekanyaga maji mwenyewe sasa hivi, na pampu haifanyi kazi. Mmiliki ameleta vibarua wake, wanafungua kamba ya nyuma. Unakuja au huji?"

"Hewala, Dada, niko njiani."

"Usiniambie hewala mimi!"

Akakata. Na hivi unafikiri gari lilikwenda moja kwa moja? Kwenye mzunguko wa katikati ya mji kulikuwa na polisi aliyepiga saluti ya mkono mmoja huku mwingine umeshika hindi. Heshima gani hiyo kwa kiongozi wa serikali? Hewala akamwamuru dereva auzunguke mzunguko tena ili polisi apige saluti upya, kwa mikono mitupu.

Bandarini, kamba ya nyuma ilikuwa imeshafunguliwa. Iliyobaki kuishikilia meli gatini ni ya mbele peke yake, na mashine za meli zilikuwa zinanguruma. Abiria walijaa mpaka kwenye ngazi za ndani, na mizigo, na watoto, na magodoro. Kwenye gati alisimama mmiliki wa meli, mtu mnene anayeitwa Shemeji. Ni kaka wa mke wa Mkubwa, na kwa kuwa wote wanaotaka kibali cha chochote humwita shemeji, nchi nzima imekuwa ukoo wake.

Gari likasimama. Sajini wa askari wa bandari akaiona bendera, akakakamaa na kupiga saluti.

Hewala akashuka. Dada alikuwa juu ya meli, karibu na kamba ya mbele, kofia yake ya kazi kichwani na suruali imelowa mpaka magotini. Alimtazama tu.

"Naibu!" Shemeji akamjia amekunjua mikono. "Umekuja kutuaga? Karibu, karibu! Mwambie dada yako huyu aache ukaidi. Meli nzima kabisa hii!"

"Nimesikia... inaingiza maji," Hewala akasema.

"Maji kidogo! Meli gani haiguswi na maji? Na mimi nimeambiwa na Mkubwa mwenyewe iondoke. Au wewe una amri nyingine?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pake. Bendera anayo, sheria anayo, askari wamesimama wima wanamngoja yeye. Neno moja. Hewala akafungua mdomo. Ulimi uliozoea njia moja ukaelekea njia ile ile.

"He..." akaanza. "He..."

Kutoka juu ya meli, Dada akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, hakina furaha.

"Msimngoje huyo!" akawaambia abiria kwa sauti. "Mimi namjua. Alipokuwa mdogo alitumbukia kwenye tangi la maji uani kwetu. Alikuwa anazama, na hakupiga kelele. Nilipomtoa nikamuuliza, mbona hukuita? Akaniambia, 'Hujaniruhusu.' Huyo ndiye naibu wenu!"

Meli nzima ikaangua kicheko. Vibarua wakacheka. Shemeji akacheka mpaka tumbo likatikisika. Hata dereva, ndani ya gari, aligeuza uso upande.

Hewala akahisi masikio yanawaka moto. Mambo mengi alikuwa amevumilia katika maisha yake, lakini Dada hakuwahi kumcheka. Wote walimcheka, yeye hakuwahi.

"Mkubwa hayuko nchini!" akapiga ukelele. Sauti ilitoka nyembamba, ikapasuka katikati, lakini ilitoka. "Mkubwa ameondoka! Kiongozi wa serikali ni mimi! Meli haiondoki! Watu wote washuke, sasa hivi!"

Sajini akamtazama usoni, hakushawishika. Akaitazama bendera, akashawishika. Akapiga saluti, akageuka na kubweka amri, na askari wakapanda ngazi.

Abiria walishuka huku wanamlaani. Mwanamke mmoja mwenye sanduku kichwani alimsonya mpaka mate yakaruka. "Tangu lini naibu akawa na sauti?" akauliza watu. Mwingine alitaka kujua nani atamlipa nauli. Hewala hakuwasikia. Alikuwa anamtazama Dada, na Dada alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, macho yamemlowa.

"Mdogo wangu," akasema. "Umeita mwenyewe."

Tangu Hewala aapishwe, Dada hakuwahi kumwita hivyo. Nikiri kwamba hata mimi, nisiyempenda mtu huyu hata kidogo, nilimwonea furaha. Ilidumu kwa muda wa kumeza mate.

Kwa maana abiria wa mwisho alipokwisha kushuka, mlango wa chumba cha mwenye meli ulifunguliwa, na akatoka mtu aliyejifunika blanketi, miwani myeusi usoni, kofia ya sufu imevutwa mpaka masikioni.

"Nani," akauliza, "kasema mimi siko nchini?"

Hewala aliijua sauti ile.

Ndiyo, msomaji. Mkubwa alikuwa ameondoka nyumbani, lakini nchini alikuwa hajaondoka. Uwanja wa ndege una macho mengi, kwa hiyo alichagua kutorokea kwenye meli ya shemeji yake, na alikuwa amejificha mle chumbani tangu asubuhi. Hiyo ndiyo sababu chombo kibovu kililazimika kuondoka leo leo, na watu wote wale juu yake: daktari wa nywele alikuwa na nafasi kesho tu. Na Katibu alimwambia Hewala kwamba hakuuliza ameondokaje.

"Kumbe nimepinduliwa," Mkubwa akasema, akija taratibu mpaka ukingoni mwa meli. "Sawa, viongozi hupinduliwa. Lakini nimepinduliwa na nani? Na Hewala! Aibu hii nitaificha wapi mimi?"

"Mkubwa, mimi... Katibu alisema..."

"Nyamaza. Sajini! Mkamate huyu. Chomoa hiyo bendera uniletee. Watu warudi ndani, tumechelewa."

Sajini hakutikisika.

"Wewe! Hunisikii?"

"Nakusikia, mzee," Sajini akasema kwa adabu. "Lakini sisi tumefundishwa kutii gari lenye bendera. Sura hatukufundishwa."

"Mimi ndiye Mkubwa!"

"Naona unafanana naye."

Mkubwa akaivua kofia kwa hasira. Jua la alasiri likagonga utosi wake, na watu wote gatini wakasema "Aaa!" kwa pamoja, maana ule mng'aro waliujua. Sajini naye aliujua. Jasho lilimtoka. Lakini alikuwa mtu aliyefundishwa jambo moja katika maisha yake, na hakuwa tayari kuliacha mbele ya watu.

"Mwenye bendera aseme," akashikilia. "Akisema meli iondoke, mimi nitawaondoa askari wangu. Akisema haiondoki, haiondoki."

Mkubwa akavua miwani. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya: alimtabasamia naibu wake.

"Naibu wangu," akasema kwa sauti ya asali. "Umepotoshwa, najua. Watu hawataki kupanda tena, waache. Mimi niondoke peke yangu. Waambie tu hawa kwamba meli ni nzima, niende zangu, na nikirudi nitakuwa nimesahau yote. Si ni nzima?"

Wakati huo nahodha alikuwa anashuka ngazi na viatu vyake mkononi, vinachuruzika.

"Maji yanapanda, Mkubwa," akasema bila kugeuka. "Mimi na vijana wangu tumeshuka. Nina watoto."

"Nitaendesha mwenyewe! Usukani ni usukani!" Mkubwa, ambaye hata mlango wa gari hufunguliwa na mtu mwingine, akaanza kupanda kwenye chumba cha usukani. "Shemeji! Panda twende, uniongoze njia."

"Mimi?" Shemeji akarudi nyuma. Yule aliyeapa kwamba meli ni nzima kabisa akashika tumbo lake kwa mikono miwili. "Ningependa sana, shemeji yangu, lakini tumbo... tangu jana..." Akajipenyeza katikati ya watu, akapotea na unene wake wote.

Na hapo, kichwani mwa Mheshimiwa Hewala, mahali ambapo mawazo hayapiti mara nyingi, likapita wazo.

Meli inavuja. Mkubwa anataka kuondoka nayo. Akifika kwenye mpaka wa bahari, nchi ni ya naibu. Asipofika, nchi ni ya naibu vilevile, na hakuna atakayerudi kuidai. Hakuna haja ya kumsukuma mtu, hakuna haja ya kusema uongo wowote mpya. Anachotakiwa kufanya ni kile kile alichokifanya maisha yake yote. Aseme hewala.

Tabasamu likaanza kumjia taratibu. Hakuwahi kulipenda neno lile kama alivyolipenda wakati ule.

"Mimi sishuki," Dada akasema.

Alikuwa bado juu ya meli, karibu na kamba ya mbele. Hakuwa amesogea.

"Dada, shuka! Watu wameshuka wote."

"Huyu si mtu?" Akaonyesha kwa kidole chumba cha usukani. "Ni mtu mbaya, lakini ni abiria. Nilikuambia, meli ikiondoka na mimi nimo. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kwa hiyo waambie askari haiondoki, tukamshushe huyu mzee kwa nguvu, yaishe. Sema, mdogo wangu. Umeshaweza mara moja."

"Nikisema hivyo atanifunga, Dada!"

"Atakufunga. Nitakuletea chakula kila siku. Sema."

Hewala akageuka. Nyuma yake, mbele ya gari lake, upepo wa bahari ulikuwa umeikunjua bendera, na askari wote wamesimama wima kuielekea. Akaitazama. Kisha akageuka kumtazama dada yake.

Dada alikuwa ameona.

"Umeiangalia bendera kwanza," akasema. Hakuwa amekasirika. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Dada, mimi sija..."

"Naibu!" Mkubwa akachungulia dirishani kwenye chumba cha usukani, kipara kinameta. "Tuondoke au tusiondoke?"

Sajini akamtazama Hewala. Gati zima likamtazama. Hewala akafungua mdomo.

Dada hakungoja jibu. Alikuwa anayajua majibu ya mtoto huyu tangu hajaweza kutembea.

"Basi ichukue bendera yako," akamwambia. "Mimi nakwenda na abiria wangu." Akavaa kofia yake, akainama, na kwa mikono yake mwenyewe akaanza kuifungua kamba ya mbele.